Mpendwa, huyo mbwa unamwachia nani?



Jumapili baada ya ibada ndugu mmoja alinivuta kando pale karibu na hema la watoto. Wezi wameingia kwenye ploti yao huko Kitengela mara mbili mwaka huu, wakabeba mtungi wa gesi na televisheni. Sasa amepata mtu wa kumuuzia mtoto wa mbwa, jamii ya German Shepherd, umri wa wiki saba. Akaniambia, "Mchungaji, niombee, Jumamosi naenda kumchukua."

Nikamuuliza swali moja: mchana atakuwa na nani?

Akacheka. Yeye hutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili afike Upper Hill kabla barabara ya Mombasa haijajaa. Mke wake hutoka nusu saa baadaye. Wote hurudi saa mbili usiku, na mvua ikinyesha ni saa tatu. Akasema, "Si ni mbwa tu, pastor. Atazoea."

Sikumwombea. Nilimwambia angoje nitaandika. Ndugu yangu, jibu lako ndilo hili, na ninyi wengine mlio na banda la mbwa nyuma ya nyumba msome pia, msipite.

Najua kuna mtu tayari ananifungulia Ufunuo 22:15, kwamba mbwa watabaki nje ya mji. Mpendwa, pale wanatajwa kwenye orodha moja na wachawi na waongo. Ni tabia za watu zinazosemwa, si Simba wako. Afadhali ufungue Mithali 12:10. Sulemani anasema mtu mwenye haki huonekana kwa jinsi anavyoangalia uhai wa mnyama wake. Na kwenye Kiebrania kitenzi kilichotumika hapo ni kujua. Mwenye haki anaijua nafsi ya mnyama wake. Hiyo ndiyo shida yangu na mtu anayetoka gizani na kurudi gizani. Utamjua lini?

Nasema hivi kwa sababu mimi nilikuwa na mbwa.

Hii ilikuwa kabla sijaingia kwenye huduma ya wakati wote. Nilikuwa mzee wa kanisa na mfanyakazi wa ofisi moja mjini, tukiishi Ruai. Nilimwita Simba, kama nusu ya Kenya inavyoita mbwa wao. Nilimjengea banda la mbao na mabati, fundi nikamlipa vizuri. Asubuhi nikitoka namfungia. Usiku nikirudi namfungulia, namwekea ugali na omena au mifupa ya bucha, naingia ndani. Jumamosi kazi nusu siku, Jumapili kanisani mpaka jioni. Kama ungeniuliza wakati ule, ningekuapia kwamba nampenda mbwa wangu.

Mama mmoja jirani mwenye duka aliniambia mara mbili, "Mzee, huyu mbwa wenu hulia." Mimi nikasikia hubweka. Nikafurahi hata, nikajua ulinzi uko sawa. Lakini mama hakusema hubweka.

Asubuhi moja nilifungua geti kwa haraka, matatu iko karibu kuondoka, Simba akachomoka kabla sijamfungia. Nilimkimbiza labda dakika mbili. Nikatazama saa. Nikasema atarudi mwenyewe, nikapanda matatu nikaenda zangu kazini. Hilo nililifanya nikiwa mzee wa kanisa, nikiwa na Biblia kwenye mfuko wa laptopu.

Saa moja na nusu simu ikalia. Alikuwa amemuuma mtoto wa darasa la pili mguuni, akienda shule.

Mtoto huyo alisaidiwa na mama wa duka. Alimkalisha chini ya mfereji, akaosha lile jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa robo saa nzima huku mtoto akipiga nduru. Daktari hospitalini alisema hakuna jambo kubwa zaidi ambalo angeweza kumfanyia pale mtaani. Kisha akanigeukia mimi: mbwa amechanjwa? Kadi nilikuwa nayo. Chanjo ya mwisho ilikuwa imepita muda kwa zaidi ya miaka miwili. Nilikuwa nimekosa nafasi. Kila Jumamosi nilisema Jumamosi ijayo.

Mpendwa, kichaa cha mbwa si ugonjwa wa kungoja uone. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Duniani karibu wote wanaofariki kwa ugonjwa huu waliupata kwa mbwa, na watoto si wachache kati yao. Ndiyo maana mtoto yule alianza sindano siku hiyo hiyo, akarudi tena na tena kwa ratiba ya daktari. Gharama nililipa mimi. Mama yake hakunitukana hata mara moja. Ningependelea anitukane.

Vijana wa mtaa walikuwa na mawe tayari. Daktari wa mifugo ndiye aliyewazuia. Alisema mbwa asiuawe, afungiwe mahali salama na aangaliwe kila siku kwa siku 10. Akiwa hai na mzima siku ya kumi, tutajua kwamba hakuwa anaambukiza siku aliyouma. Akaniuliza nani atamwangalia. Nikanyamaza. Halafu nikapiga simu ofisini nikaomba likizo.

Siku hizo 10 zilinifunza kuliko semina nyingi nilizolipia.

Nilikuwa nimefuga mbwa miaka mitatu, na kumbe sikuwa nimewahi kumwona mchana wa siku ya kazi. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nje ya banda nikitazama. Alikuwa anatembea kutoka pembe hii hadi ile, anageuka, anarudi, anageuka. Chini palikuwa na mstari, udongo umelika kwa nyayo zake, mstari wa miaka mitatu. Matatu ikipiga honi barabarani anasimama, masikio juu, anatazama geti. Ikipita anaanza tena. Kufika saa sita mabati yalikuwa moto hata huwezi kuyagusa, na bakuli la maji lilikuwa limepinduka tangu saa nne. Mguu wake wa mbele ulikuwa na kidonda kikubwa kama kizibo cha soda, hauna nywele. Daktari wa mifugo alisema amejilamba mwenyewe kwa upweke, miezi na miezi. Mimi nilikuwa namlisha kila usiku kwa mkono wangu na sikuwa nimekiona.

Siku ya kumi alikuwa mzima. Mtoto naye akamaliza sindano zake salama. Utukufu ni kwa Bwana, lakini sitaki tupite hapo haraka kwa kusema haleluya.

Turudi Kitengela. Kutoka saa kumi na moja na nusu alfajiri mpaka saa mbili usiku ni saa 14 na nusu. Mbwa mzima akikaa saa nane bila kutoka kwenda haja, amevumilia vya kutosha. Mtoto wa miezi miwili hata saa nne ni nyingi kwake, na anatakiwa kula mara tatu au nne kwa siku. Tena wiki hizo, kuanzia ya tatu hadi karibu ya 14, ndizo mbwa anapojifunza dunia: watu wa kila namna, pikipiki, watoto wanaokimbia, mwenye mwavuli, mwenye kilemba. Ukimfungia peke yake kipindi hicho, unalea mnyama anayeogopa kila kitu.

Wengi huniambia hapo ndipo anakuwa mkali. Ni kweli, anakuwa mkali. Lakini ukali wa hofu hauchagui. Hautofautishi mwizi na mtoto wa darasa la pili.

Na nilimuuliza ndugu yetu wezi waliingia saa ngapi. Mara zote mbili, mchana! Sasa nieleze, mpendwa. Mwizi atakuja saa tano mchana na mbwa yuko bandani amefungwa kufuli, anamtazama akitoka na televisheni mpya. Au utamwacha huru kwenye ploti ya wapangaji wanane, watoto wao wakicheza hapo, majirani zako Waislamu wakilazimika kuosha vyombo na nguo upya kila anapogusa kwa mate? Hujanunua ulinzi hapo. Umenunua kesi.

Wengine mtasema, "Mchungaji, sisi tuna dada wa kazi, anashinda nyumbani." Hapa naomba niongee polepole, kwa sababu nimeona mengi kwenye nyumba za waumini. Huyo binti mlimwajiri alee mtoto, apike, afue. Halafu Jumamosi moja mkaleta mbwa. Mlimuuliza kama anaogopa mbwa? Sasa ndiye anayesonga ugali wa pili, anayezoa kinyesi, anayekokotwa barabarani na mnyama mwenye nguvu kumshinda, na mbwa akitoroka ni yeye anayekemewa. Mlimwongezea mdomo wa kulisha. Mlimwongezea shilingi ngapi? Yakobo 5:4 inasema habari za ujira unaozuiliwa, na kwamba Bwana anaisikia hiyo sauti. Sidhani Mungu anauliza kama ujira ulikuwa wa kuvuna shamba au wa kuosha banda.

Na kwa wale wanaotaka nitaje serikali: Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Kumfunga mnyama kwa namna inayomtesa bila sababu, au kumnyima chakula na maji, ni kosa. Lakini kabla ya Sura ya 360 kulikuwa na amri ya Sabato, na Kutoka 20:10 inahesabu wanyama miongoni mwa wanaostahili kupumzika. Mungu aliwaweka kwenye orodha ya watu wa nyumbani.

Basi wewe ambaye tayari unaye, ufanye nini? Usimtupe. Kuna watu hubeba mbwa kwenye buti usiku na kumwacha kando ya barabara mbali na kwao, halafu Jumapili wanakaa kiti cha mbele. Usifanye hivyo. Kama umeshindwa kabisa, mtafutie mtu mwenye nafasi, au uongee na KSPCA pale Karen. Kazi yao ni kutunza wanyama na kuwatafutia nyumba.

Kama utamweka, amka nusu saa mapema umtembeze kabla ya kutoka. Najua unataka kuniambia habari za usingizi. Maombi yangu marefu kabisa ya miaka ile, baada ya yale mambo, niliyafanya nikiwa nimeshika kamba ya mbwa saa kumi alfajiri. Katikati ya mchana alipwe mtu aje kumtoa, kumpa maji, kukaa naye kidogo: mwanafunzi wa chuo aliye nyumbani, mzee aliyestaafu, keateka. Nimesema alipwe. Usianze na "nisaidie tu." Na usidhani kuongeza mbwa wa pili kutamaliza neno, mara nyingi unapata wawili wanaolia.

Simba mwishowe sikukaa naye. Nilitembea naye alfajiri kwa miezi minne na bado mchana ulinishinda, sikuwa na pesa ya kulipa mtu. Mama wa duka ndiye aliyesema, "Mlete hapa, mimi nashinda hapa." Alilala chini ya benchi la wateja. Mimi nilileta unga kila mwisho wa mwezi na kulipa chanjo. Kidonda cha mguu kilichukua muda mrefu kupona, na nywele za mahali pale ziliota nyeupe.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Kitengela, Jumamosi usiende kuchukua mbwa. Nipigie, nitakuja. Tutakaa na wapangaji wenzako tuone habari ya taa za nje, ya geti, na ya kuchangiana mlinzi wa mchana. Nyumba nane zikichanga haitakuwa mzigo. Ukihamia siku moja mahali ambapo kuna mtu nyumbani, tutaongea tena habari ya mbwa, na hapo nitaomba na wewe kwa furaha.

Na wewe mwenye mbwa, kabla hujaandika amina hapa chini, ingia ndani utafute ile kadi ya chanjo. Andika kwenye maoni tarehe ya mwisho iliyogongwa muhuri. Usiseme uongo, mbwa wako hajui kusoma lakini sisi tunajua. Kama imepita mwaka, niandikie inboksi leo, nikuunganishe na daktari wa mifugo aliye hapa kanisani.

Mbarikiwe.