Aliyebuni bido alimfikiria mbebaji. Na aliyechapa fomu?

Ukitaka kumjua mkimbizi aliyerejea, usianze na hati yake. Angalia alichobeba mkononi. Sisi tulipovuka Kobero tukitoka kambini Tanzania, godoro lilikuwa limechoka na sufuria zilikuwa mbili tu, lakini mabido yalikuwa manne, na mama hakukubali hata moja libaki. Kule tulizoea kuliita dumu. Huku tukakuta ni bido, na wenzetu wa Uganda wanasema jerikani. Chombo ni kile kile.

Hilo jina la Uganda lina historia. Jerry ndivyo askari wa Uingereza walivyomwita Mjerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1937 Wajerumani walikuwa wamebuni kopo la chuma la lita 20 la kubebea petroli ya jeshi. Lilikuwa na mikono mitatu juu. Likijaa, mtu mmoja hushika wa katikati, au watu wawili wakasaidiana, kila mmoja na mkono wa upande wake. Yakiwa matupu, mawili hushikwa kwa kiganja kimoja. Kifuniko kilifungwa bila spana. Juu ilibaki nafasi ya hewa, hivyo hata likijaa petroli liliweza kuelea majini. Waingereza jangwani Afrika Kaskazini walikuwa na madebe ya bati jepesi yaliyovuja njia nzima. Walipoteka ya adui waliyatumia, kisha wakayaiga.

Halikuwa na pambo hata moja. Aliyelibuni alijiuliza nani atalibeba, wapi, na akiwa amechoka kiasi gani. Kwa maoni yangu, ubunifu mzuri wa kitu chochote unaanzia hapo, kiwe redio, kiti au kibanda cha sokoni.

Bido letu la plastiki la njano ni mjukuu wa kopo lile, lakini amepoteza mikono miwili. Mengi yalitengenezwa kuuzia mafuta ya kupikia, si kutekea maji. Mdomo wake mwembamba una faida kubwa: kikombe hakiingii wala mkono mchafu hauingii, kwa hiyo maji yanabaki salama zaidi kuliko ndooni. Lakini mdomo huo huo unazuia brashi, ndiyo maana kina mama hutia mchanga na kokoto wakalitikisa mpaka mabega yaume. Na likijaa ni kilo 20. Tunamtwisha mtoto wa miaka minane, halafu tunamlaumu akilivunja. Ya lita 5 yapo sokoni.

Sisi wafanyabiashara nasi tusijitoe. Tazama lumbesa. Gunia linajazwa, linashonewa kofia juu, kisha kijana analibeba mgongoni kwenye ubao wa lori. Aliyebuni lumbesa alimfikiria mnunuzi peke yake, yaani jinsi ya kumpunja mkulima. Mgongo wa mpakiaji haukuwemo katika hesabu yake.

Karatasi nayo ni chombo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina cheti rahisi cha asili ya bidhaa, kwa mzigo usiozidi dola 2,000 uliotoka ndani ya Jumuiya. Wazo ni zuri sana, kwani kinamwondolea mchuuzi ushuru wa forodha na safari ya kwenda mjini kutafuta muhuri. Lakini katika mpaka mmoja, ambao sitautaja, nilisimama na jirani yangu muuza maharage. Anasoma Kirundi na Kiswahili vizuri. Fomu aliyopewa ilikuwa ya Kiingereza, na nafasi za kuandikia ni nyembamba kuliko kidole chake. Akamlipa kijana wa pembeni amjazie karatasi inayoitwa rahisi. Kijana alikosea uzito, na mzigo ukalala pale usiku mzima. Mvua ilinyesha.

Wapo watakaosema kuchapa fomu kwa lugha nyingi ni gharama. Sawa. Lakini gharama ipo tayari, ila analipa muuza maharage badala ya ofisi. Fomu ichapwe kwa Kiswahili, herufi ziwe kubwa, na kabla ya kuchapa maelfu wapewe wachuuzi kumi wajaze bila kusaidiwa. Wanapokwama wote, hapo ndipo pa kurekebisha. Fundi seremala hufanya hivyo kila siku: anakaa juu ya kiti chake kabla ya kukiuza.

Asubuhi ile, tukisubiri magunia yakauke, nilimuuliza afisa kama kuna mchuuzi aliyewahi kuonyeshwa fomu ile kabla haijachapwa. Alikuwa mtu mstaarabu. Akaigeuza mbele na nyuma, akasema yeye huletewa ikiwa imeshachapwa.