Fedha za Baiskeli Zitumiweje?

Wenzetu waliotangulia wametuletea fedha kwa ajili ya chama chetu cha baiskeli za milimani, nasi twawashukuru sana. Lakini tangu barua yao isomwe bwaloni, mabweni yamegawanyika. Upande mmoja wasema zinunuliwe baiskeli mbili mpya za kaboni, nyepesi kama unyoya, wapewe vijana wawili walio hodari kuliko wote, ili jina la shule livume. Upande wa pili wasema zitengenezwe zote nane tulizo nazo. Mimi ni wa upande wa pili, na yafaa nieleze sababu zangu hapa gazetini, maana hata sasa kelele zimekuwa nyingi kuliko hesabu.

Ugonjwa huu wa wepesi najua ulikotoka. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika Afrika, na tangu hapo kila kijana wa huku mpakani ajua kwamba baiskeli ya mshindani yaweza kuinuliwa kwa mkono mmoja bila taabu. Ni kweli. Zimekuwa nyepesi hata chama cha baiskeli cha dunia kimeweka kanuni kwamba zisipungue kilo 6.8. Lakini zile ni baiskeli za barabarani. Sisi njia zetu ni za kutoka ziwa Bunyonyi kupanda vilimani, zenye udongo mwekundu unaoteleza wakati wa mvua, na ukielekea Kisoro wakutana na mawe ya volkano yakatayo tairi kama kisu.

Basi tufanye hesabu. Mvulana wa kilo 60 juu ya baiskeli ya kilo 13 ni mzigo wa kilo 73. Apande kutoka ziwani mita 300 kwenda juu, kwa nusu saa. Sasa tumpunguzie kilo moja nzima katika baiskeli, jambo ambalo kwa vifaa vya kaboni ni gharama kubwa. Mzigo umepungua kwa sehemu moja katika 73, na muda wake, akikanyaga kwa nguvu ile ile, hupungua kwa kiasi hicho hicho: sekunde 25 katika nusu saa, wala si zaidi. Sekunde 25 si za kudharau siku ya mashindano. Lakini lita moja ya maji nayo ni kilo moja, nami nawajua wenzangu wanaolilia kaboni ambao hutoka na lita mbili mgongoni katika njia yenye chemchemi katikati. Waanze hapo; ni bure.

Wengine hujibu kwamba uzito wa gurudumu si sawa na uzito mwingine, kwa kuwa gurudumu huzunguka. Hilo lina ukweli, lakini nusu. Gramu iliyo kwenye rimu au tairi huhesabika karibu mara mbili wakati wa kuongeza mwendo, maana yataka nguvu ya kuisogeza mbele na nguvu ya kuizungusha. Ukipanda mlima kwa mwendo ule ule, haina uzito kupita gramu iliyo chini ya kiti. Mwenye kukimbia njia ya kona nyingi, akipunguza na kuongeza mwendo kila mara, ana haki ya kutazama magurudumu kabla ya fremu. Sisi wa kupanda nusu saa bila kupumzika hatuna haki hiyo.

Tena ni hapo kwenye gurudumu ndipo penye mtego, kwa sababu njia rahisi kuliko zote ya kupunguza gramu ni kununua tairi zenye ubavu mwembamba. Tairi ya mashindano ya inchi 29 ya namna hiyo yaweza kuwa na gramu 650 hivi. Yenye ubavu ulioimarishwa hufika 900 na kuzidi. Kwa tairi mbili umeokoa nusu kilo, yaani, kwa hesabu yetu ya juu, sekunde 12. Pancha moja katika mawe ya Kisoro hula dakika 10, ukiwa na pampu.

Najua nitatajiwa Tom Pidcock wa Uingereza. Katika Olimpiki ya Paris 2024 alipata pancha ya gurudumu la mbele, akapoteza nusu dakika na zaidi, hata hivyo akamfikia aliyekuwa mbele na kuchukua dhahabu. Wanaomtaja husahau kwamba alipofika mahali pa mafundi alifungiwa gurudumu jingine, akaondoka. Sisi huku vichakani hatungojwi na mtu ila mbuzi.

Mfano ulio bora naupata katika Olimpiki ya London 2012, mbio ambazo zatuhusu kidogo kwa kuwa jirani yetu Adrien Niyonshuti wa Rwanda alikuwamo, akamaliza wa 39. Mwishoni kabisa walibaki wawili wakigombea dhahabu: Jaroslav Kulhavý wa Cheki na Nino Schurter wa Uswisi. Schurter alipanda baiskeli yenye springi mbele tu. Ya Kulhavý ilikuwa na springi mbele na nyuma, na springi ya nyuma haikosi kuongeza uzito. Kulhavý alishinda kwa sekunde moja. Sitasema kwamba springi ndiyo iliyoshinda, maana miguu ya mtu ina sehemu yake kubwa. Ila tazameni lililofuata. Mwaka 2016, huko Rio, Schurter alipata dhahabu yake, na baiskeli aliyoipanda ilikuwa na springi mbele na nyuma. Na huyo wa tatu wa London, Marco Aurelio Fontana wa Italia, alifika mwisho bila kiti, kwa kuwa kilimng'okea katika mzunguko wa mwisho. Nusura medali imponyoke kwa ajili ya kipande ambacho mtu hukikumbuka tu kinapokosekana.

Siku hizi tena washindani wakubwa wengi hufunga nguzo ya kiti inayoshushwa kwa kubonyeza kwa kidole gumba, ili kiti kisiwazuie wanapoteremka. Nguzo hiyo ni nzito kuliko ya kawaida. Watu wale hupima hata skrubu katika mizani, na gramu hizo wamezikubali kwa hiari yao, kwa kuwa huwarudishia zaidi kwenye mteremko.

Sasa gia, ambazo ndizo zimeleta ubishi mkali kuliko yote. Fungu la gia za nyuma la Shimano lenye meno 10 hadi 51, la daraja la Deore, lina gramu 590 hivi. La daraja la juu, XTR, lenye meno yale yale, lina gramu 370 hivi, na bei yake huzidi mara tatu. Tofauti ni gramu 220. Kwa mlima wetu wa nusu saa ni sekunde 5 au 6. Zaidi ya hayo, lile la ghali lina meno ya titani na alumini mahali pa chuma, nayo huliwa upesi, hasa mnyororo ukichanganyika na udongo kama wetu. Keith Bontrager, mtengenezaji wa baiskeli wa California, ndiye asifiwaye kwa neno lile kwamba kuna imara, nyepesi na rahisi, nawe uchague mbili. Kwa mfuko wetu, moja katika hizo mbili imekwisha kuchaguliwa kabla hatujaingia dukani.

Na je, twahitaji fungu hilo jipya? Baiskeli zetu za inchi 26 zina gia tatu mbele, ndogo ikiwa na meno 22, na nyuma kubwa ina meno 34. Pedeli ikizunguka mara moja, gurudumu huzunguka mara 0.65. Baiskeli mpya yenye meno 32 mbele na 51 nyuma huzungusha mara 0.63. Tofauti ni ndogo mno, na kwa kuwa gurudumu letu ni dogo kuliko la inchi 29, gia yetu kuukuu ni nyepesi zaidi kwa miguu! Nakubali kwamba mtindo mpya una gia moja tu ya mbele, hauna mambo mengi ya kuharibika, na mnyororo wake hauchopoki ovyo. Ni uzuri, lakini si uzuri wa kutoa nusu ya fedha.

Nimeziacha breki ziwe za mwisho kwa sababu ndizo zilizonifanya nichukue kalamu. Nguvu yote mtu aliyoitoa kujiinua mita 300 humrudia anapoteremka, na sehemu kubwa yapaswa kugeuzwa joto na breki. Breki zetu ni za mpira kwenye rimu. Wakati wa masika udongo hujaa hapo, mpira husagika, rimu nayo huliwa, na vijana wa kidato cha kwanza huteremka wakiburuza soli za viatu. Fremu na foki za baiskeli sita zina mahali pa kufungia diski. Zifungwe, na mbele iwe diski ya milimita 180 badala ya 160; nyongeza yake ni makumi machache ya gramu. Mimi ningechagua zile za waya. Za mafuta zina nguvu zaidi, na mara nyingi ni nyepesi pia, lakini zikiingia hewa zataka vifaa na mafuta yake, na hapa mjini si kila fundi anavyo. Ya waya hukazwa kwa koleo na fundi yeyote wa sokoni Kabale.

Nisidhaniwe kuwa nauchukia wepesi. Kwenye matuta ya mashamba twabeba baiskeli begani, na hapo kila kilo hujulikana. Lakini kilo iliyo rahisi kuondoa tunayo tayari: ni zile foki nne za springi za bei ndogo, kila moja kilo 2 na nusu hivi, ambazo tangu zilipoingia maji hazishuki wala hazipandi. Foki ya chuma isiyo na springi ina kilo moja na kidogo tu. Ukiifunga umepunguza zaidi ya kilo, kwa bei isiyokaribia kaboni hata kwa mbali, tena usukani hautayumba. Ndizo zile sekunde 25 wanazozitafuta.

Wenzangu wa upande wa kaboni wana hoja moja ambayo sikuweza kuijibu kwa hesabu: kwamba shule yenye baiskeli nane za kawaida haitajwi na mtu, bali yenye mshindi mmoja hutajwa. Huenda. Ila baiskeli mbili hupandwa na wawili, nao wote wawili ni wa kidato cha sita. Wataondoka pamoja nami mwisho wa mwaka. Baiskeli zitabaki na wale wa kuburuza soli.

Kikao cha chama ni Jumamosi ya pili ya muhula ujao. Orodha yangu iko kwa katibu, yaani tairi 16 zenye ubavu imara, breki za baiskeli sita na magurudumu yake, foki nne, minyororo minane, pamoja na bei kutoka maduka mawili ya Kampala. Nimeacha nafasi pembeni kwa mwenye kutaka kufuta au kuongeza. Nanyi wenzetu mliotangulia, ambao fedha ni zenu, twaomba mtuandikie kabla ya siku hiyo.