Tuwarudishie mashujaa neno lao

Majuzi, nikisikiliza taarifa ya habari redioni, nilimsikia msomaji akitangaza kuwa mtu "aliyejitoa mhanga" alikuwa amejilipua sokoni na kuwaua wachuuzi na wanunuzi. Neno lile lilinikera. Mhanga ni kafara. Anayejitoa mhanga huyatoa maisha yake, au huyahatarisha, ili wengine waishi. Je, aliyeingia sokoni ili wengine wafe amemtolea nani kafara?

Hebu niwasimulie wasomaji kisa cha watu wawili waliolistahili neno hilo.

Jesse Brown alizaliwa mwaka wa 1926 huko Hattiesburg, katika jimbo la Mississippi nchini Marekani, wakati ambapo sheria za jimbo hilo ziliwatenga weusi na weupe. Mnamo Oktoba 1948 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kuhitimu mafunzo ya urubani ya Jeshi la Wanamaji la nchi hiyo. Wahenga walisema kuwa mcheza kwao hutunzwa. Brown hakutunzwa kwao, na hata hivyo alicheza.

Tarehe 4 Desemba 1950, wakati wa Vita vya Korea, alikuwa angani kuwasaidia wanajeshi wenzake waliozingirwa na majeshi ya Uchina karibu na bwawa la Chosin. Ndege yake ikapigwa risasi kutoka ardhini, akalazimika kutua mlimani penye theluji. Alinusurika, lakini mguu wake ulibanwa na vyuma, na moshi ukaanza kufuka.

Rubani mwenzake, Thomas Hudner, mzungu wa Massachusetts, aliyaona hayo kutoka juu. Bila kuamriwa na mtu, aliishusha ndege yake kwa makusudi juu ya mlima ule ule, akamkimbilia mwenzake na kuanza kuuzima moto kwa theluji aliyoichota kwa mikono. Helikopta ilipofika na shoka, shoka nalo halikufua dafu. Giza lilipokaribia, Brown, aliyekuwa na umri wa miaka 24, alikuwa amekwisha kumwachia Hudner salamu za mwisho kwa mkewe, Daisy.

Mwaka wa 1951 Rais Harry Truman alimtunuku Hudner Nishani ya Heshima, Daisy akishuhudia. Mwaka wa 2013, akiwa mzee wa miaka 88, Hudner alirudi Korea Kaskazini kuutafuta mwili wa mwenzake, asifanikiwe. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Kuna watakaonikumbusha kwamba ndege za marubani hao zilibeba silaha za kuua. Ni kweli, nami sivisifu vita. Ninachokisifu ni ule uamuzi wa kutua. Wengine watasema kuwa mlipuaji naye huyatoa maisha yake. Naam, huyatoa, lakini kipimo cha kafara ni kumwuliza mtoaji alitaka nani abaki hai. Hudner alikuwa na jibu. Mlipuaji hana.

Aidha, matumizi haya yanatuletea mkanganyiko wa aibu. Waliojeruhiwa na kuuawa tumezoea kuwaita wahanga. Kwa hiyo, katika taarifa moja, aliyeua amejitoa mhanga, na aliyeuawa ni mhanga! Sisi tuliozika zaidi ya watu 200 baada ya bomu la Nairobi la tarehe 7 Agosti 1998 hatuna udhuru wa kutoiona tofauti hiyo. Siku ile pia walikuwapo raia walioingia katika vifusi kuwafukua watu wasiowajua. Hao tutawaitaje, ikiwa neno lao tumekwisha kuwagawia wauaji?

Nafundisha isimu, na najua fika kwamba lugha haiongozwi kwa amri ya mwalimu. Hata hivyo, maneno huenezwa na watu, na wahariri na watangazaji ndio waenezaji wakuu. Hawakosi msamiati. Waseme "mshambuliaji aliyejilipua", au "muuaji aliyejiua". Maelezo hayo ni ya kweli, na hayamvishi mtu taji asilolistahili.

Mwili wa Brown haukurudi kwao. Sisi hatuwezi kuurudisha, lakini neno linalomstahili tunaweza, nalo halitatugharimu hata senti moja.