Mzazi, kijana wako wa bodaboda analala saa ngapi?

Muulize mzazi yeyote wa Songea mwanawe anayeendesha bodaboda anaamka saa ngapi, atakujibu bila kufikiri: saa kumi na moja alfajiri, maana mlio wa pikipiki huamsha nyumba nzima. Muulize analala saa ngapi. Hapo wengi wataanza kubabaika. Watakuambia ana funguo zake, au kwamba wao wakilala anakuwa hajarudi.

Ndugu msomaji, leo nazungumzia usingizi wa vijana hawa. Tunasema sana kuhusu mwendokasi wao, pombe, wanawake na kubeti. Usingizi hatuutaji, wakati hayo mengine yote yanaula huo huo.

Tuhesabu siku yake. Alfajiri anawahi abiria wa mabasi yanayotoka mapema kwenda Njombe, Dar es Salaam au Tunduru. Kisha anapeleka wanafunzi, mama wa sokoni, na mgonjwa anayewahi foleni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Mchana anakaa kijiweni akisubiri simu. Jioni anapanda na kushuka Lizaboni, Msamala, Bombambili, Ruhuwiko. Kama pikipiki ni ya mkataba, hesabu ya bosi lazima itimie ndipo naye aanze kujitafutia yake, kwa hiyo saa mbili usiku bado yuko barabarani. Msimu wa mahindi siku inarefuka zaidi, kwa sababu fedha iko mjini na kila mtu ana mzigo.

Baada ya hapo ndipo anapopata nafasi ya kuwa kijana. Anakula chipsi mayai na wenzake, anapita kibanda umiza, anaangalia kama mkeka umechanika. Mechi za klabu bingwa Ulaya, kwa saa za kwetu, zinaanza saa nne au saa tano usiku kutegemea majira ya huko. Ikianza saa tano, inaisha karibu na saa saba. Arudi nyumbani, aperuzi simu kidogo, alale saa saba na nusu. Saa kumi na moja pikipiki inawashwa. Amelala saa tatu na nusu, wakati mtu mzima anahitaji angalau saa saba.

Simlaumu kwa kutaka mpira. Mtu aliyetumwa na kila mtu tangu alfajiri anastahili saa mbili ambazo hakuna anayemtuma. Isitoshe, saa ya mwili wa kijana hadi anapoingia miaka ya 20 huchelewa kuliko ya mtu wa makamo. Usingizi wake kwa maumbile huja usiku zaidi. Baba anayesema "mimi umri wako nililala saa tatu na kuamka na jogoo" asahau kidogo kwamba hakuwa na taa ya umeme wala simu mkononi.

Lakini mwili haujali sababu. Mwaka 2000 watafiti wa Australia na New Zealand walichapisha matokeo ya kulinganisha watu waliokosa usingizi na watu waliokunywa pombe. Mtu aliyekaa macho saa 17 hadi 19 alifanya baadhi ya majaribio vibaya sawa na mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 kwenye damu, au vibaya zaidi. Kiwango hicho katika nchi nyingi kinamzuia mtu kuendesha chombo. Sasa hesabu mwenyewe: aliyeamka saa kumi na moja alfajiri anafikisha saa 17 ikifika saa nne usiku. Abiria anayempakia saa hiyo hatasikia harufu yoyote mdomoni mwake.

Kuna kusinzia kwa sekunde mbili tatu ambako mwenyewe hata hakutambui, kwa sababu macho yanaweza kubaki wazi. Kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, sekunde tatu ni zaidi ya mita 40 bila dereva. Waza hilo kwenye miteremko ya mji huu, asubuhi ya Julai yenye ukungu na baridi. Wenye hatari kubwa zaidi ni wanaoendesha kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi, na tena mchana kuanzia saa nane hadi saa kumi, mwili unapolegea. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Ajali ikitokea tunasema alikuwa anakimbia. Mara ngapi tumeuliza alilala saa ngapi?

Kijana naye ana dawa yake: kinywaji cha kuongeza nguvu. Kopo la mililita 250 mara nyingi lina miligramu 80 hivi za kafeini na sukari ya vijiko vya chai kama sita. Kafeini hailipi deni la usingizi, inamzuia tu asilisikie. Tena karibu nusu yake hubaki mwilini baada ya saa tano. Akinywa saa nne usiku ili amalizie abiria wa mwisho, saa tisa usiku bado anagaagaa kitandani, na asubuhi anahitaji kopo jingine. Akisikia moyo unakwenda mbio au kifua kinabana, aache na aende kupimwa.

Halafu kuna kichwa kuuma, mwili kuchoka na hasira za ovyo. Wengi huenda duka la dawa wakanunua dawa mseto bila kipimo. Ruvuma malaria ipo, kwa hiyo mwenye homa apimwe siku hiyo hiyo. Lakini kama kipimo hakioni malaria mara ya tatu sasa, mwambie mtoa huduma ratiba ya siku yako nzima, na apime shinikizo la damu. Kulala kidogo kwa muda mrefu huambatana na presha ya kupanda, hata kwa mwenye miaka 25.

Mzazi, usianze na kufunga mlango saa nne. Utamfundisha kulala gheto kwa rafiki. Kaa naye Jumapili, mhesabu usiku wa wiki. Mechi zisizidi mbili za usiku sana, na kesho yake asitoke kabla ya saa mbili asubuhi. Umuunge mkono kwa hilo: ukimwita mvivu kwa sababu jua limemkuta kitandani, umeharibu kazi yako mwenyewe. Mchana abiria wakipungua, alale dakika 20 au 30 kivulini pale kijiweni, mwenzake amshikie zamu. Na kofia ngumu ifungwe kidevuni, si kuning'inizwa kwenye usukani. Mapitio ya tafiti yameonyesha inapunguza vifo vya waendesha pikipiki walioanguka kwa takriban asilimia 42.

Nawe mwenye pikipiki, ambaye pengine ni mzazi pia: hesabu ya siku saba kwa wiki ndiyo inayomkalisha kijana barabarani hadi usiku. Andika mkataba wa siku sita. Utachelewa kiasi kumaliza kukusanya fedha yako.

Kama anapata nafasi ya kulala na bado usingizi hauji kwa wiki tatu au zaidi, kama amejitenga, anazungumzia kuchoka na maisha, au deni la kubeti limemfika shingoni, hilo ni jambo la kupeleka hospitali mapema, pamoja na wewe mzazi. Vivyo hivyo anayekoroma sana na kukatika pumzi usingizini. Msindikize, kaa naye kwenye benchi, na akiingia kwa daktari mwache aingie peke yake.