Kabla ya Kulaumu Wembe, Kagueni Jiwe

Sisi wanoaji wa Nairobi tumezoea kumaliza kazi haraka, na haraka hiyo inawaharibia wateja vyombo vizuri. Nasema hivi nikiwa mmoja wao. Kibanda changu kiko Kawangware. Hushuka mjini kuchukua mikasi ya mafundi wa nguo wa River Road na Biashara Street, hunoa visu vya wapishi wa Westlands, na hunoa nyembe za kukunja za wanaume wachache wa Lavington na Kileleshwa wanaojinyoa ndevu wenyewe. Chombo kikifika kwangu kimekataa kukata, mwenyewe hulaumu chuma. Mimi huuliza kwanza kilinolewa kwenye jiwe gani.

Jiwe la kunolea nalo huliwa. Mkono hupenda katikati, basi katikati hupungua na kingo zikabaki juu. Kwa panga la shamba hilo si neno, maana panga hata tupa hulitosha. Kwa wembe ni balaa. Wembe wa kukunja hulazwa juu ya jiwe, mgongo na makali vikigusa kwa pamoja, na unene wa mgongo ndio unaopanga pembe ya makali. Jiwe likiwa na bonde, ncha na kitako cha wembe huliwa kuliko katikati. Makali yaliyonyooka huanza kupinda, sehemu moja ikakata na nyingine ikang'oa nywele.

Hivi majuzi kijana kinyozi wa Kangemi aliniletea wembe wa mteja wake pamoja na jiwe lake, akiamini wembe ni feki. Nilisimamisha rula ya chuma kwa ubavu juu ya jiwe, tukalielekeza kwenye mwanga wa mlango. Katikati, mwanga ulipita chini ya rula waziwazi. Nikachora miraba ya penseli juu ya jiwe lote. Nikalaza msasa wa maji namba 220 juu ya kipande cha kioo kinene, nikamwagia maji, nikalisugua jiwe kwa mkono mwepesi huku nikiligeuza mara kwa mara. Penseli ya pembeni ilifutika mapema. Ya katikati ilikawia, kwa kuwa huko ndiko kulikobonyea. Ilipofutika yote nikachora upya na kusugua tena, mpaka ikawa inafutika kote kwa wakati mmoja. Kisha nikavunja ukali wa kingo za jiwe na kuliosha sana, maana punje moja ya msasa ikibaki huchimba makali ya wembe. Baada ya hapo tulinoa kwa jiwe namba 1000, tukapanda hadi 8000, tukamalizia kwa mkanda wa ngozi. Wembe ulikuwa mzima kabisa.

Wapo wanaosugua mawe mawili moja kwa jingine wakidhani wamemaliza. Hiyo ni hatari, kwani jiwe moja laweza kuota tumbo na jingine likazidi kubonyea, na bado yakakaa pamoja bila mwanya. Mhandisi Mwingereza Joseph Whitworth alieleza mwaka 1840, mjini Glasgow, namna ya kupata nyuso bapa za chuma. Njia inayohusishwa na jina lake hutumia mabamba matatu: la kwanza hupimwa kwa la pili, la pili kwa la tatu, la tatu kwa la kwanza. Kwa matatu, kasoro haina pa kujificha. Mwenye mawe matatu ya aina moja anaweza kuifuata kanuni hiyo hiyo leo.

Vijana wanaozunguka mitaani na mashine ya kunoa juu ya baiskeli nawaheshimu. Kazi yao inalisha nyumba nyingi. Lakini gurudumu kavu huchemsha chuma. Ukiona makali yamegeuka bluu, joto limepita nyuzi 280 hivi, na ugumu wa pale umekwisha. Kisu hicho kitakata leo na kesho kitakuwa butu. Tumbukizeni chombo majini kila mara, na wembe msiuguse kabisa kwa gurudumu.

Niseme wazi pia kwamba wembe wa kukunja ni wa mtu mmoja. Kwa kinyozi, kila mteja afunguliwe wembe mpya mbele ya macho yake, kwa sababu damu hubeba virusi vya Ukimwi na homa ya ini. Hilo halina mjadala.

Wengine huniambia haya ni mambo ya wazungu. Sikubali. Wahunzi wa Agikuyu walifua wembe wa kunyolea, rwenji, kabla reli haijafika Nairobi mwaka 1899. Ufundi wa makali ni wetu, na unastahili kufundishwa kwa utaratibu. Kabete National Polytechnic, pale Waiyaki Way, mizizi yake ni chuo cha ufundi cha mwaka 1924. Ningependa kila mwanafunzi anayeshika patasi, mkasi au wembe katika vyuo kama hicho akabidhiwe kwanza jiwe lililobonyea, alisawazishe, ndipo aruhusiwe kugusa chuma. NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, nayo, inapowatahini mafundi, iwape alama kwa jiwe kama inavyowapa kwa makali.

Nanyi wateja mna nguvu kuliko chuo chochote. Kabla hujamkabidhi mtu mkasi wako au wembe wa marehemu baba yako, mwombe akuonyeshe jiwe lake na rula. Fundi anayelitunza jiwe lake atafurahi kukuonyesha, na huyo ndiye wa kulipwa. Akikataa, chukua chombo chako uende kwa mwingine.