Podo la mishale nyumbani

Kwetu Ituri podo ni kazi ya baba, lakini sisi wamama tusinyamaze. Ndugu zetu Waefe wanapaka sumu ya mimea kwenye mishale ya kuwindia makako, na sumu iliyokauka ingali sumu.

Baba akichagua podo, umuulize: ncha zote zinaingia ndani? Chini ni kugumu? Kifuniko cha ngozi kiko wapi? Jembamba ni zuri, kubwa linanasa kwenye kamba za pori. Fupi, hapana.

Na kitunga chetu cha chakula kisibebe mishale, hata siku ya kuhama kambi. Mimi nilikuta mmoja chini ya sombe, mtoto ameshaingiza mkono. Tangu siku ile podo letu linatundikwa juu.