Bei za nyumba Nairobi: grafu inapanda, lakini ni bei ya nani?

Kuna ugonjwa mmoja ambao sisi watu wa kompyuta tunaujua vizuri. Mpe mtu grafu yenye mstari unaopanda, na hatauliza tena namba zimetoka wapi. Mstari umepanda, basi. Nairobi ugonjwa huu umeingia kwenye nyumba. Kila mwezi utasoma mahali kwamba bei za nyumba zimepanda kwa asilimia kadhaa, Kilimani imefanya hivi, Ruaka imefanya vile, na chini ya habari hiyo hiyo kuna tangazo la mtu anayeuza nyumba Kilimani au Ruaka.

Maoni yangu niyaseme mapema, ili asiyetaka kusoma yote aende akakamue ng'ombe. Nairobi haina takwimu za kila mwezi za bei za nyumba. Ina takwimu za bei ambazo wauzaji wanatamani. Bei zilizolipwa hasa zipo, zimekaa kwenye seva za serikali, na zinaweza kutolewa kila mwezi bila kutaja jina la mtu yeyote.

Utaniuliza, wewe uko Mulot, nyumba za Nairobi zinakuhusu nini? (Na ndiyo, ni Mulot ile ile ambayo ikitajwa watu wanashika simu zao kwa mikono miwili. Habari za laini za simu tutaziongea siku nyingine.) Zinanihusu kwa sababu pesa za huku ndizo zinazokwenda kule. Ukitoka hapa kwenda Bomet, Silibwet, mpaka Litein na Kericho, bonasi ya chai huingia mara moja kwa mwaka, kama mwezi wa kumi hivi, na ikishaingia wauzaji wa nyumba wa Nairobi wanaijua njia ya kuja. Mwaka 2024 bonasi ya upande huu wa magharibi mwa Bonde la Ufa ilikuwa ndogo kuliko ya mashariki, wakulima wakalalamika sana. Sasa mkulima aliyelipwa kidogo ndiye anayesikiliza kwa makini zaidi akiambiwa kuna kitu kinachopanda bei kila mwezi.

Chama kimoja cha wakulima na walimu wastaafu kiliniletea grafu ya namna hiyo. Walipewa na ajenti anayeuza nyumba za vyumba viwili ambazo kwa sasa ni mchoro na shimo. Akiba yao ni ya tangu kabla ya korona. Mweka hazina akaniuliza, "Kijana wangu, wewe unajua mambo ya kompyuta. Huu mstari unasema ukweli?" Nikamjibu, "Mwalimu, mstari wenyewe haudanganyi, ila hausemi ni mstari wa nini." Niliyomweleza baada ya hapo ndiyo ninayoandika hapa, maana naona si chama kimoja tu.

Tuanze na ripoti zenyewe. Ile inayojulikana zaidi ni ya HassConsult, ambayo takwimu zake zinarudi nyuma mpaka mwaka 2000 na inaangalia mitaa kama Karen, Lavington, Kilimani na Westlands pamoja na miji ya pembeni kama Ngong, Kitengela, Syokimau na Ruaka. Nyingine ni ya Muungano wa Mabenki (KBA), iliyoanza kutolewa mwaka 2015. Zote mbili ni za robo mwaka. Hizo "asilimia za mwezi huu" unazoziona mitandaoni mara nyingi ni ripoti ya robo mwaka iliyokatwa vipande, au ni mtu aliyehesabu matangazo ya tovuti yake mwenyewe.

Siwashutumu waliotengeneza ripoti hizo. Wanafanya kazi kwa walichonacho. Lakini tazama walichonacho. Ripoti ya Hass huanzia kwenye bei ambazo wauzaji wanataja. Ya mabenki huona nyumba zinazopita mikononi mwa mabenki, na mikopo ya nyumba nchi nzima ilikuwa kama 30,000 tu mwishoni mwa 2023, katika nchi ambayo sensa ya 2019 ilikuta kaya zaidi ya milioni 12. Wakenya wengi hununua kwa pesa taslimu, kwa sacco, au hujenga kidogo kidogo mpaka watoto wanamaliza shule. Hao wote hawamo.

Matangazo nayo nayajua kwa sababu nimewahi kuandika kijiprogramu cha kuyasoma. Nyumba moja hutangazwa na maajenti watano, kila mmoja na bei yake na picha zile zile, nyingine zimegeuzwa kulia kwenda kushoto ili zisitambulike. Nyumba isiyouzika hukaa kwenye tovuti mwaka mzima na kila mwezi inahesabiwa tena. Iliyouzwa haraka kwa bei nafuu hutoweka kabla programu yako haijaamka. Kwa hiyo ukichukua wastani wa matangazo, unapima zaidi zile nyumba ambazo watu wamezikataa. Hilo hakuna msimbo wa kulirekebisha, hata uwe mjuzi namna gani, kwa sababu bei ya mwisho haimo kwenye ukurasa. Muuzaji na mnunuzi wameizungumza mezani kwa wakili.

Halafu kuna shida ya hesabu, na hapa naomba uvumilivu kidogo. Tuseme mwezi wa kwanza zimeuzwa nyumba nne, tatu za Ruaka kwa milioni 6 kila moja na moja ya Lavington kwa milioni 20. Wastani ni milioni 9.5. Mwezi wa pili zimeuzwa mbili Ruaka na mbili Lavington, kwa bei zile zile bila kuongezeka hata shilingi. Wastani sasa ni milioni 13. Gazeti litaandika kwamba bei zimepanda kwa karibu asilimia 37! Wajanja watasema tusitumie wastani, tupange bei kwa mstari tuchukue ya katikati. Haya, tujaribu. Mwezi wa kwanza ya katikati ni milioni 6. Mwezi wa pili ni milioni 13. Imekuwa mbaya zaidi. (Namba hizi nimezitunga kwa ajili ya mfano, usiende kumwonyesha ajenti.) Kadiri mauzo yanavyokuwa machache na kipindi kinavyokuwa kifupi, ndivyo mchezo huu unavyozidi, na ndiyo maana grafu ya mwezi kwa mwezi huruka kama mbuzi.

Dawa inajulikana tangu zamani. Karl Case na Robert Shiller kule Marekani walijenga kipimo chao kwa kulinganisha nyumba na yenyewe: nyumba hii iliuzwa kiasi gani wakati ule, na sasa hiyo hiyo imeuzwa kiasi gani. Kipimo hicho hutoka kila mwezi kwa miji 20. Lakini ili kufanya hivyo unahitaji vitu viwili, yaani namba isiyobadilika ya kila nyumba na bei ya kila mauzo. Kwa lugha yetu ya hifadhidata, unahitaji ufunguo mkuu.

Sasa sikiliza hapa. Kenya tayari tunavyo vyote viwili.

Zamani fleti nyingi za Nairobi hazikuwa na hatimiliki yake kila moja. Mnunuzi alipewa hati ya kukodi ya miaka mingi chini ya hati mama ya kiwanja. Sheria ya Sectional Properties ya 2020 ilibadilisha hilo, ikataka kila fleti iwe na hati yake. Mwaka 2021, mwezi wa nne, serikali ikazindua Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa mtandaoni, na ikaanza na Nairobi yenyewe. Ukinunua nyumba mjini unalipa ushuru wa stempu wa asilimia 4 ya thamani (mashambani ni asilimia 2), na kabla ya kulipa, mthamini wa serikali anakadiria thamani hiyo. Kwa hiyo kwa kila mauzo kuna namba ya nyumba, tarehe, bei iliyotajwa kwenye mkataba, na bei aliyokadiria mthamini. Kinachokosekana ni mtu wa kubofya kitufe cha kutoa faili mwisho wa mwezi, na mkubwa wa kumruhusu.

Uingereza wanafanya hivyo. Idara yao ya hati za ardhi hutoa kila mwezi orodha ya bei zilizolipwa Uingereza na Wales, pamoja na anwani za nyumba, na orodha inarudi nyuma mpaka mauzo ya 1995. Unaipakua bure. Sisi hatuhitaji hata anwani. Nairobi ina wadi 85, taja wadi inatosha, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haitakuwa na ugomvi na faili isiyo na jina wala namba ya kitambulisho.

Najua jibu litakalokuja, kwamba watu hudanganya. Mtu ananunua kwa milioni 10 anaandika 7 ili ushuru wa stempu upungue. Ni kweli. Lakini kama kila mwaka watu wanapunguza kwa kiasi kinachofanana, kiwango kitakuwa cha uongo na mwelekeo utakuwa wa kweli, na tunachotafuta ni mwelekeo. Tatizo halisi ni pale sababu ya kudanganya inapobadilika. Tarehe 1 Januari 2023 ushuru wa faida ya kuuza mali ulipanda kutoka asilimia 5 hadi 15. Ghafla muuzaji naye akapata sababu nzito ya kuandika bei ndogo, na mtu akichora grafu ya bei za mikataba pekee anaweza kuona shimo ambalo sokoni halikuwapo. Ndiyo sababu nataka namba zote mbili kwenye faili, ya mkataba na ya mthamini. Zikianza kuachana, hiyo yenyewe ni habari.

Kuna jambo jingine ambalo hata faili safi halitatusaidia tusipolikumbuka, nalo ni thamani ya shilingi. Mwezi wa kumi 2022 mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.6. Nyumba iliyopanda asilimia 5 katika mwaka ulioishia hapo ilishuka thamani, hata kama mwenye nyumba alisherehekea. Na kwa ndugu zetu walio Minneapolis au Doha kuna mstari wa tatu kabisa. Mwanzoni mwa 2024 dola ilikuwa kama shilingi 160, katikati ya mwaka ikawa kama 130. Nyumba ya milioni 8 ilitoka dola 50,000 ikawa zaidi ya 61,000, na huko Ruaka hakuna aliyebadilisha bango.

Na wapangaji je? Nairobi zaidi ya kaya nane kati ya kumi zinapanga. Kijana wa huku akipata kazi au chuo hanunui chochote Kilimani. Anatafuta bedsita Roysambu, Kahawa West au Pipeline. Hali yake huwezi kuipata kwenye ripoti za fleti za milioni 15. Ajabu ni kwamba habari yake ndiyo ya kila mwezi kweli kweli. Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) hukusanya kodi za nyumba, hata za chumba kimoja, kwa ajili ya hesabu ya mfumuko wa bei inayotoka kila mwisho wa mwezi, na Nairobi wameigawa kwa wenye kipato cha chini, cha kati na cha juu. Mamlaka ya Ushuru (KRA) nayo inadai kila mwenye nyumba za kupangisha anayepokea kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka atangaze kodi aliyopokea kila mwezi na alipe asilimia 7.5. Watoe basi kodi ya chumba kimoja kwa wadi. Mzazi wa Longisa au Sigor anayepanga bajeti ya mtoto atafaidika zaidi ya vile atakavyofaidika na ripoti kumi za Lavington.

Kuhusu chama, sikuwaambia wanunue wala wasinunue. Niliwaambia waachane na grafu ya ajenti wapande matatu, waende kwenye jengo lililokwisha kujengwa na mjenzi huyo huyo, wawaulize walinzi nyumba ngapi ziko tupu na wapangaji wanalipa ngapi. Nyumba ya milioni 6 inayopangishwa kwa 30,000 kwa mwezi inaleta 360,000 kwa mwaka, yaani asilimia 6, kabla ya kulipa mlinzi, maji, ukarabati, ushuru, na miezi ambayo hakuna mtu. Dhamana ya miundombinu ya serikali ya Februari 2024 ililipa asilimia 18.46 bila ushuru. Viwango vimeshuka sana tangu hapo, lakini aliyenunua nyumba mwezi ule kwa sababu ya mstari unaopanda alipaswa angalau kuonyeshwa namba hiyo pembeni yake. Pia waulize waliowahi kununua kwa mjenzi huyo kama kuna aliyefaulu kuuza tena, na kwa bei gani. Hiyo ndiyo Case na Shiller ya mtu asiye na kompyuta.

Na kwa wakubwa wa wizara ya ardhi, kama kuna anayepita hapa, faili ninayoomba ni ya nguzo sita tu: mwezi, wadi, aina ya nyumba, ukubwa kwa mita za mraba, bei ya mkataba, bei ya mthamini. Sihitaji tovuti mpya wala uzinduzi wenye mahema. Ziwe tu herufi na koma, mahali ambapo kila mtu anaweza kupakua. Programu ya kuichora nitaiandika mwenyewe jioni moja, kama stima itakuwepo.